Mashimo au miti? Kilimo cha Njia ya Mungu na pamakacha kwenye nusu ekari moja

Januari hii, baada ya ibada ya pili, vijana wawili waliofunga ndoa Novemba walinisubiri nje ya kanisa. Wamepewa nusu ekari tambarare ya Hai, chini ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, na kila mmoja alikuja na daftari lake. La mume lilikuwa la semina ya Kilimo cha Njia ya Mungu iliyofanyika usharikani. La mke lilikuwa la mafunzo ya pamakacha (permaculture kwa Kiingereza), ambayo wengine huiita kilimo cha kudumu. "Shikamoo mama," binti akaanza, "tumeshindwa kuelewana. Tuanze na mashimo ya mwenzangu au na miti yangu?"

Niliwajibu kwa haraka, maana mnada wa sadaka za mazao ulikuwa umeshaanza na mkungu wangu wa ndizi ulikuwa mezani. Lakini swali lao linastahili jibu refu. Nimelima kwa njia zote mbili kwenye shamba moja, tambarare hiyohiyo, upande huu mashimo na upande ule makingamaji (mitaro na matuta ya kuzuia maji) na miti, kwa miaka tisa sasa. Nawaandikia wao, na yeyote mwenye shamba dogo na imani ileile.

Kwanza tujue kila moja imetoka wapi, kwa sababu asili yake ndiyo inayoeleza inataka nini kwako.

Kilimo cha Njia ya Mungu kilizaliwa Zimbabwe. Brian Oldreive alikuwa mkulima wa tumbaku. Alipompokea Kristo, dhamiri ilimkataza kuendelea na zao hilo akaliacha. Miaka ya 1980, akiwa meneja wa shamba la Hinton Estate, alimwomba Mungu amfundishe kulima, kisha akaingia msituni kutazama. Aliona mambo mawili ambayo yeyote kati yetu angeweza kuyaona. Msitu haulimwi na mtu, na ardhi yake haiko uchi, imefunikwa majani. Basi akaacha kukatua na akaacha kuchoma mabua. Mpaka leo wafundishaji wake huyaita matandazo "blanketi la Mungu". Kutoka hapo elimu hiyo ilisambaa kupitia makanisa, na kwa majirani zetu wa Kenya, shirika la uhifadhi la Kikristo la A Rocha limeifundisha kwa wakulima wanaozunguka msitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi.

Pamakacha ilianzia Tasmania, Australia, kwa Bill Mollison na mwanafunzi wake David Holmgren, walioitangaza mwaka 1978. Nao walitazama msitu, ila swali lao lilikuwa tofauti. Oldreive aliuliza mahindi yapandweje. Hawa waliuliza makazi yote yapangweje: nyumba, maji, kuku, miti, mboga na njia za kupita, ili taka ya kimoja iwe chakula cha kingine.

Ndiyo maana huwa nasema Njia ya Mungu inakudai kalenda, na pamakacha inakudai ramani. Ukishaielewa tofauti hiyo, mengine yote yatajipanga.

Kalenda ya mashimo

Upande wa mashimo, yaani wa Njia ya Mungu, kazi inaanza sasa, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na majirani wakisubiri trekta. Unanyoosha kamba kukata mteremko, mstari hadi mstari sentimita 75, na kwenye kamba umefunga vifundo kila sentimita 60. Kila kifundo ni shimo, kina cha sentimita 15. Unatia samadi iliyoiva au mboji kopo la nusu lita, unarudisha udongo kiasi, unaacha kisahani kidogo kitakachokusanya maji. Mvua ya kwanza ya kutosha ikinyesha Machi unaweka mbegu tatu, na miche ikitoka unapunguza ibaki miwili. Mwaka unaofuata unarudi kwenye shimo lilelile. Hapo ndipo penye siri, nami nilichelewa kuielewa. Samadi yako haitawanyiki shamba zima kulisha magugu. Inajikusanya pale mzizi ulipo, msimu hadi msimu.

Kanuni zake nne za kazi ni fupi hata mtoto anazishika: kwa wakati, kwa kiwango, bila kupoteza, kwa furaha. Ile ya kwanza ndiyo iliyonibadilisha. Sisi wa tambarare tunapoteza mahindi mengi kwa kuchelewa tu. Mvua inanyesha, ndipo tunatafuta trekta, zamu inafika baada ya wiki mbili, na masika yenyewe hayatusubiri. Mei yakikatika, mahindi ya waliochelewa yanakutwa kwenye mbelewele. Mwenye mashimo hamngojei mtu. Kupanda mapema kumenisaidia pia dhidi ya viwavijeshi vamizi, waliotuingilia nchini mwaka 2017, kwa sababu mahindi yangu huwa yameshakomaa kiasi wanapozidi.

Gharama yake ni mgongo. Fanya hesabu kabla ya kujifunga: nusu ekari ina mashimo kama 4,500, na kopo la nusu lita kwa kila shimo ni lita 2,250 za samadi, yaani toroli 37 au 38 za lita 60. Mkiwa wawili, mmoja akiwa mjamzito, msijaribu. Zimbabwe walilitatua hili kwa kipande wanachokiita Pfumvudza, ambacho serikali yao ilikichukua kuwa mpango wa taifa mwaka 2020: mita 39 kwa mita 16, mistari 52, ikikusudiwa mstari mmoja uwe chakula cha familia kwa wiki moja. Hicho ni kama theluthi ya nusu ekari yenu, mashimo karibu 1,400, toroli 12 za samadi. Hiyo inawezekana kabla ya katikati ya Machi.

Ramani ya pamakacha

Upande wa pili, masika ya kwanza sikupanda kitu cha kudumu. Nilivaa mabuti nikatembea na vigingi mvua ikinyesha. Pale maji yalipoingilia kutoka kwa jirani, kigingi. Yalipotuama, kigingi. Yalipochimba korongo, vigingi viwili. Mume wangu alidhani nimeumwa malaria. Lakini vile vigingi ndiyo ramani, na kila mti niliokuja kuupanda ulitokana navyo.

Kisha fremu A: miti miwili ya urefu sawa, mmoja wa kukatiza, uzi na jiwe. Kwa kifaa hicho cha shilingi sifuri unapata mistari iliyolingana kimo kukata mteremko, unachimba makingamaji. Kumbuka kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Ukitupa udongo upande wa juu unapata fanya juu, matuta yaliyotokea Ukambani, Machakos, na ambayo hata wataalamu wa Ulaya huyaandika kwa jina hilohilo la Kiswahili. Kazi yake ni kutengeneza ngazi taratibu. Ukitupa udongo upande wa chini ni fanya chini, na hicho ndicho kinachokaribiana na mtaro wa pamakacha: maji yanasimama mtaroni, yanazama, na tuta la chini linapandwa miti itakayoyanywa yakiwa ardhini. Kwenye tambarare yetu yenye mteremko mdogo, mtaro wa pili ndio ulionifaa.

Baada ya maji unapanga umbali. Kinachoguswa kila siku kinakaa karibu na jiko: mnafu, mchicha, sukuma wiki, vitunguu vya majani, maji ya kuoshea vyombo yakielekezwa hapo. Kuku nyuma yake. Mahindi na mbaazi mbali kidogo. Migrevilea, miti ya mbao, mpakani. Ukipata bati, usisahau mfereji wa paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 30 usiku mmoja limekupa lita 1,500, kasoro zile zinazomwagika.

Hapa gharama ni subira. Mwaka wa kwanza nilipata mboga na maboga, basi. Papai lilinipa matunda kabla ya mwaka wa pili kwisha. Parachichi lilinifanya ningoje mpaka mwaka wa nne. Mwenye njaa ya mwaka huu haambiwi habari za parachichi.

Majira mengine ya mwaka

Ukizilinganisha kwa masika peke yake, mashimo yatashinda, ila mwaka una majira mengine. Mwanzo 8:22 Mungu anaahidi kwamba majira hayatakoma, na wafasiri wetu wa Biblia waliandika "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi". Huwa nafurahi kila ninapoufikia mstari huo, kwa sababu ni Mungu anayenena kwa pepo zetu.

Juni hadi Agosti, baridi na ukungu vikishuka kutoka mlimani, upande wa mashimo unakauka na kuvunwa. Hapo hakuna kazi isipokuwa kulinda matandazo. Upande wa pamakacha ndio kwanza unanoga: ngwara (fiwi) niliyoichomeka katikati ya mahindi Aprili inaendelea kuwa kijani, karoti na kabichi zinapenda ubaridi, na maji ya tangi yanatosha bustani ndogo. Oktoba hadi Desemba ni vuli, ambayo huku tambarare haitabiriki. Sipandi mahindi vuli. Kwenye mashimo natia maharage au kunde, zikikosa mvua nimepoteza kibaba cha mbegu tu. Upande wa pili hiyo ndiyo mvua ya kupandia miche, ipate miezi ya kushika mizizi kabla ya jua la Januari. Miche niliyoipanda Mei, masika yakiisha, mingi ilikufa.

Mabua ni ya nani?

Sasa nafika kwenye jambo ambalo semina nyingi hulipita haraka, na kwangu ndilo linaloamua kila kitu.

Njia ya Mungu inasimama juu ya matandazo. Bila blanketi, mashimo ni mashimo tu. Jua linayakausha, magugu yanakusonga. Lakini nani kwetu ana mabua ya kuacha shambani? Kila Agosti malori yanapandisha mabua kutoka tambarare kwenda mlimani, kwa ng'ombe waliofungwa bandani kwenye vihamba, yale mashamba ya Wachagga yanayozunguka nyumba. Mama mkwe wangu ana ng'ombe mmoja huko Machame. Mwaka ule wa kwanza nilipomwambia mabua yanabaki shambani, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, udongo unakunywa maziwa?"

Hakukosea. Samadi ya ng'ombe huyo ndiyo ninayotia kwenye mashimo. Nikimnyima mabua, najinyima samadi. Na nisipoacha mabua, samadi yenyewe inaungua juani. Tulivutana misimu miwili, kwa heshima lakini tulivutana. Hata nilipoyaacha, wachungaji waliingiza mifugo usiku, kwa sababu desturi ya huku ni kwamba shamba lililovunwa ni malisho ya wote.

Jibu lilitoka upande wa pamakacha. Kwenye matuta ya makingamaji nilipanda majani ya tembo na gwatemala, yote ya malisho, na mpakani gilirisidia, mti wa jamii ya kunde, iliyosongamana kuwa ua. Majani yakawa chakula cha ng'ombe, mabua yakabaki kuwa blanketi, na matawi ya gilirisidia nikayakata mara mbili kwa mwaka kuongezea matandazo. Ua ukazuia mifugo bila ugomvi. Kwa hiyo baada ya miaka mitatu mashimo yangu yalikuwa yanaishi kwa msaada wa ramani ya jirani yao. Anayekufundisha mashimo bila kukuuliza "ng'ombe wenu atakula nini?" amekupa nusu ya somo.

Mchwa? Watakuja. Hula kilichokauka kwanza, na nilivyoona shambani kwangu, palipo na matandazo mazito hawakuhangaika sana na mahindi mabichi. Palipokuwa patupu ndipo walipoyaangusha.

Ipi ni ya Kikristo zaidi?

Wapo ndugu wanaoiogopa pamakacha. Wamesikia baadhi ya waalimu wake wakiizungumzia dunia kama mama wa kuabudiwa, wakakimbia. Naielewa hofu hiyo, na mazungumzo hayo nami niliyakataa. Lakini misingi yenyewe ya pamakacha ni mitatu: kuitunza ardhi, kuwatunza watu, kugawana ziada. Wa kwanza ni Mwanzo 2:15, mtu kuwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Tumekuwa hodari wa neno la kwanza, la pili tumelisahau. Wa tatu ni Walawi 19, pembe za shamba zisivunwe kabisa, zibaki kwa maskini na mgeni. Ruthu alikula kutoka kwenye sheria hiyo. Pamakacha haimtaji Bwana wa shamba, hilo ni kweli. Mkristo anaingia nalo jina hilo mwenyewe.

Njia ya Mungu inalitaja tangu mlangoni. Unaanza kwa kumkiri Mungu, unazitafakari njia zako kama Hagai alivyosema, unatoa zaka na malimbuko. Nimeona wanaume waliokuwa wakidharau jembe wakipiga magoti shambani na kuomba toba kwa kuiunguza ardhi, na walibadilika kweli. Kwa mtu aliyezoea kuona kilimo ni adhabu ya Adamu, kusikia kwamba ni wito kunamwinua.

Lakini jina hilo lina mzigo, na lazima niuseme. Msimu mmoja mvua ilikatika wiki ya kwanza ya Mei. Nilikuwa nimefanya yote: kwa wakati, kwa kiwango, zaka nimetoa. Mahindi yalikauka yakiwa kifuani. Mtu aliyenifundisha, ninayemheshimu, alikuja akaniuliza ni eneo gani la maisha yangu halijakabidhiwa kwa Bwana. Nililia siku ile kuliko nilivyolilia mahindi. Kilimo hicho hakitoi ahadi ya namna hiyo, na Biblia haitoi; Habakuki aliamua kumfurahia Bwana hata mtini usipochanua na mashamba yasipotoa chakula. Mkifundishwa kwamba mavuno ni kipimo cha utii wenu, shikeni mashimo, liacheni fundisho hilo.

Msikubali pia kuambiwa kwamba mmoja wenu ndani ya nyumba yuko katika njia ya Mungu na mwingine hayuko. Mtunza shamba wa Luka 13 aliomba mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya mtini: "hata niupalilie, niutilie samadi". Humo mna kalenda na mna mti.

Na kabla ya yote hayo palikuwa na kihamba. Panda mpaka Machame mtazame: juu mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi, mfongo (mfereji wa umwagiliaji) ukileta maji, ng'ombe bandani, samadi mgombani. Kahawa iliongezwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, lakini mfumo ulikuwepo tayari. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua ule wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Vijana wetu wanalipa nauli kwenda kujifunza tabaka za miti kumbe bibi zao wamelala chini yake. Hata hivyo kihamba hakiwezi kunakiliwa tambarare. Kule mvua ni nyingi na mifongo ipo. Migomba niliyojaribu huku ilikuwa mifupa.

Basi mchague nini?

Kama ardhi ni ya kukodi, chukueni mashimo na msipande mti hata mmoja wa miaka mitano. Nimeona mwenye shamba akilirudisha mara tu palipopendeza. Kama ni yenu na hati au angalau maandishi ya ukoo yapo, ramani ianze mwaka huu, hata ikiwa ni vigingi tu. Kama mnategemea shamba hilo kwa unga, mashimo kwanza, kipande kidogo. Kama mna mshahara na mnataka mboga na matunda, anzeni jikoni kuelekea nje. Kama hakuna samadi karibu, msianze mashimo mengi. Anzeni lundo la mboji na gilirisidia, msubiri msimu. Kama kuna korongo, maji yawe ya kwanza, kabla ya mbegu yoyote, maana hakuna blanketi litakalobaki mahali mafuriko yanapopita. Anayetaka kusoma zaidi kabla hajashika jembe, shirika la SAT (Sustainable Agriculture Tanzania) la Morogoro wanafundisha kilimo hai kwa vitendo, na hapo mtapata mengi yanayozifaa njia zote mbili.

Nyinyi wawili hali yenu naijua. Ardhi ni yenu, samadi ipo kwa baba mkwe, mteremko ni mdogo, na mtoto anakuja Juni. Basi mume, tengeneza kamba ya vifundo leo, upime mita 39 kwa 16 upande wa juu wa shamba, na usizidishe hata mstari mmoja. Binti yangu, usichimbe chochote mwaka huu. Nitakupa fremu A yangu. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, vaa mabuti, mwenzako akubebee vigingi, mtembee polepole. Gilirisidia nitawakatia vipande mwezi Machi, mkavichomeke mpakani siku hiyohiyo kabla havijakauka.